Kikombe Kisichoonjwa

Immakulata alikuwa akiteremka kutoka chemchemi ya Murubuye, mtungi kichwani, mkono mmoja juu na mwingine umeshika pindo la kanga lisinase kwenye miiba. Ndivyo alivyofanya kila alfajiri. Alipanda kwenye kilima walikotolewa, akapita penye msingi mweusi wa nyumba yake, akateka, akarudi kijijini jua likimpiga usoni. Mtungi mmoja ulikuwa wa siku nzima. Uji, kunawa, na siku hizi maji ya kumpoza Stanislaus, mumewe, ambaye homa ilikuwa haijamwachia tangu Alhamisi.

Njia ilipokutana na barabara kuu alimkuta mzee Leonidasi, mjumbe wao wa nyumba kumi, amesimama kando ya pipa tupu. Mgambo mmoja alikuwa amekalia jiwe, rungu magotini.

"Mwakeye, baba," Immakulata alisalimu, akikunja magoti kidogo tu kwa sababu ya mtungi.

"Mwakeye, mwanangu. Tua hapo. Maji yote ya leo ni ya mbio."

"Haya ni ya mgonjwa, baba."

"Huyo mgonjwa ndiye niliyetaka tumzungumzie." Leonidasi alijikuna kidevu, macho yake kwenye pipa. "Nyumba kumi zangu zimetakiwa zitoe mkimbiaji. Vijana wote wako Urambo kwenye tumbaku. Niliobaki nao ni Pasikali mwenye mguu mbovu, mimi mwenyewe, na mumeo."

"Atakufa njiani."

"Usiseme hivyo."

"Mwenye homa ndiye anayekimbia vizuri," mgambo alisema. "Anakuwa na haraka ya kwenda kulala."

Alicheka peke yake. Immakulata alishusha mtungi, akaumimina. Maji yaligonga bati la pipa kwa kelele, halafu yakatulia chini kabisa, machache, kana kwamba hakuleta kitu.

Mwaka uliopita, kabla ya Operesheni Vijiji, maji hayo hayakuwa na safari. Kule Murubuye mtu alikaa mlangoni pake akayasikia yakipita chini ya migomba. Kisha malori yakaja, na mapaa yakatiwa moto ili mtu asipate wazo la kurudi. Watu wa vilima vinne walimwagwa kando ya barabara, nyumba zikapangwa mistari, kijiji kikaitwa Azimio. Kilikuwa na mlingoti wa bendera, na kiwanja cha shule, na kidimbwi ambacho ng'ombe walikojoa upande mmoja na wanawake wakateka upande mwingine. Mvua za kwanza zilipokwisha, watoto walianza kuharisha. Binti yao, Kezia, alikuwa wa tatu kuzikwa.

Bwana Afya alisema ni kidimbwi. Inawezekana. Lakini watu wa vilima vinne hawakuwahi kunywa kwenye chungu kimoja, na baada ya makaburi yale kila mmoja alianza kumtazama jirani yake mikono, akihofu sumu. Tangu zamani, Mha akikukaribisha pombe au maji huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Kule kilimani ilikuwa adabu tu. Azimio ikawa sheria. Stanislaus aliitupia udongo maiti ya mtoto wake akaapa kwamba kitu ambacho hakukiona kikionjwa hakitapita tena kwenye koo lake, hata kitoke mkononi mwa padri.

Ndipo likaja wazo la mbio. Wafanyabiashara wa Kibondo na Kasulu, pamoja na chama cha ushirika, walikubali kusaidia kijiji kichimbe kisima: mfuko mmoja wa saruji kwa kila mtu atakayekimbia kutoka Kitahana hadi Azimio na kuvuka utepe. Lilikuwa jambo jema na watu walipiga makofi. Immakulata, aliyekaa nyuma na wanawake wenzake siku ya mkutano, alipiga pia. Alikuwa na sentensi moja kooni tangu siku ya malori, siku ambayo mwenyekiti Bazilio aliuliza nani ana swali. Haikuwa swali, kwa hiyo hakuisema. Aliimeza, ikawa inarudi kila mkutano, na kila mkutano aliimeza tena.

Asubuhi hiyo nyumbani, Stanislaus hakubishana na Leonidasi. Alikaa kitandani, akafunga kitambaa kichwani, akaomba viatu vyake vya tairi.

"Mwambie Bazilio huwezi," Immakulata alisema.

"Bazilio ananiona kila siku. Hajui?" Aliinama kufunga kamba, akangoja kizunguzungu kipite. "Mfuko mmoja tu. Nikifika, nitalala wiki nzima, na wewe ndiye utakayenipikia."

"Kwani sasa hivi nani anakupikia?"

Alitabasamu. Meno yake yalikuwa yakigongana, na jua lilikuwa bado halijapanda juu.

Kabla wanawake hawajapelekwa kwenye vituo vya maji, Bwana Afya aliwapanga mstari chini ya bendera. Jina lake Khatibu, kijana wa pwani, shati jeupe, mpole, aliyewaita wote mama hata waliokuwa wadogo kwake. Aliwagawia vikombe vya bati.

"Mama zangu, leo hakuna kuonja. Ile tabia ya kutia mdomo kwanza ndipo umpe mtu, hapana. Mdomo mmoja unaambukiza watu mia. Mgeni rasmi ataona, na atatuona sisi washamba. Chota, mpe, basi."

Wanawake walitazama chini. Immakulata alimtazama Bazilio. Mwenyekiti alikuwa Mha kama wao, na hakuna aliyewahi kumwona akipokea kibuyu kabla mwenye nyumba hajakitia mdomoni. Bazilio alitoa leso, akafuta viatu vyake vumbi.

"Mmesikia," alisema.

Vituo vilikuwa vitatu. Immakulata aliwekwa cha mwisho, pale pale njia ya Murubuye inapoingia barabarani, na Bwana Afya mwenyewe akakaa naye. Cha katikati alipewa Niyonsaba, mwanamke aliyevuka mpaka na watoto wake wakati wa mauaji ya Burundi, akapewa nyumba ya mwisho mstarini. Watu walikuwa na mengi ya kusema juu ya Niyonsaba. Kwa Immakulata alikuwa mtu aliyekaa naye usiku wa Kezia, basi.

Jua lilipanda. Ulikuwa mwezi wa tisa, nyasi zimekwisha ungua, na barabara ilipeperusha joto usoni kama mlango wa tanuri. Mkimbiaji wa kwanza alipotokea, Immakulata alichota, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili. Kijana alikipokea, akamtazama mdomo. Akangoja. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Immakulata aligeuza macho upande wa Khatibu. Khatibu alitikisa kichwa, polepole, kwa upole.

Kijana alijimwagia maji kichwani, akarudisha kikombe, akaendelea kukimbia.

Wa pili alifanya vivyo hivyo. Wa tatu alisukutua, akatema.

"Mashujaa hawa," Khatibu alisema. "Hata kunywa hawataki kupoteza muda."

Hapo ndipo Immakulata alipomkumbuka Stanislaus na kiapo chake. Alihesabu vituo akilini: cha kwanza, cha Niyonsaba. Alipiga magoti vumbini, akapiga makofi mawili ya chini kama anavyosalimiwa mkubwa.

"Bwana Afya, nakuomba. Niruhusu nionje. Kidogo tu, waone."

"Mama, tumekwisha kubaliana."

"Hawatakunywa, bwana. Ni jua."

"Watazoea. Maendeleo ndivyo yanavyoanza." Alimwinua kwa kumshika kiwiko. "Inuka mama, utachafuka."

Angeweza kuendelea. Alijua maneno ya kuendelea. Lakini sauti yake ilikuwa imekwisha tumika yote katika ombi lile moja, na Khatibu alikuwa ameshageuka kutazama gari.

Lilikuwa Landrova la mgeni rasmi, likitoka Kibondo, likitoa mvuke puani. Lilisimama mbele ya pipa. Dereva alifungua boneti, akaruka nyuma.

"Maji," alisema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

Khatibu alikuwa na haraka kuliko dereva. Walichota kwa ndoo, wakamimina, rejeta ikakoroma na kumeza, wakachota tena. Gari halikungoja kuonjewa. Walipofunga boneti, chini ya pipa kulibaki matope mekundu na jani moja la mgomba.

"Nikateke mengine?" Immakulata aliuliza. "Chemchemi iko hapo juu."

"Ubaki kituoni, mama. Mgeni akigeuka akaona kituo hakina mtu, itakuwaje?" Khatibu alipanda Landrova, nalo likaondoka.

Alibaki na kikombe. Wakimbiaji wengine walipita, na hakuna aliyesimama, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kusimamia. Juu kidogo, nyuma ya vichaka, migomba ya Murubuye ilikuwa bado ya kijani. Alijiambia atamngoja Stanislaus aonekane kwenye kona, ndipo akimbie chemchemini. Akaogopa akienda atapita. Akaogopa akibaki hatakuwa na la kumpa. Alisimama hivyo, mguu mmoja barabarani na mwingine njiani.

Aliyetokea kwenye kona alikuwa Niyonsaba, akikimbia bila kanga ya kichwani, kibuyu mkononi.

"Njoo na maji," alisema kwa mbali. "Shemeji ameanguka. Yangu ameyakataa."

Immakulata alipanda Murubuye kwa mikono na miguu, akakizamisha kibuyu cha Niyonsaba kwenye chemchemi, akateremka. Njiani Niyonsaba alisema kwa vipande, akihema.

"Alikishika kikombe. Akaniambia, onja, shemeji. Mgambo amenisimamia na rungu. Nikamwambia maji mazima, kunywa. Akanitazama. Akasema, Niyonsaba, wewe sina neno nawe, lakini niliapa. Akanirudishia." Alijifuta uso. "Ningeonja. Mgambo angenipiga, basi. Nimepigwa mara ngapi mimi."

Stanislaus alikuwa amelala ubavu ukingoni mwa barabara, kitambaa kimemshuka machoni. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama chungu kilichotolewa jikoni. Immakulata alimweka kichwa pajani. Alikiinua kibuyu mbele ya macho yake, akanywa funda moja, akalimeza kwa namna ya kuonekana.

"Nimeonja," alisema. "Ni ya Murubuye. Kunywa, mume wangu."

Alimtia mdomoni. Maji yaliingia, yakakaa, yakatoka upande wa pili na kuchora mstari kwenye vumbi la shavu. Alirudia. Akaonja tena, akatia tena.

Wanaume wa Kitahana waliokuwa wakitoka shambani walikata miti, wakafunga ngobi, machela ya kuchukulia wagonjwa, wakamlaza. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya Azimio, na hapakuwa na njia nyingine ila ile ya mbio.

Walipoingia kijijini, ngoma zilikuwa zinapigwa. Mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa mbele ya jukwaa la makuti, na utepe mwekundu ulikuwa umefungwa upya kati ya milingoti miwili. Bazilio aliwaona, akashuka mbio. Aliinama juu ya ngobi, akatazama, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu wa kilimani. Kisha akatupia jicho jukwaani.

"Mpitisheni kwenye utepe kwanza," aliwaambia wachukuzi kwa sauti ya chini. "Mfuko wake usipotee. Ni hatua mbili tu."

Wachukuzi walitazamana. Leonidasi, aliyekuwa amepokea mti wa mbele walipoingia kijijini, alifumba macho. Ngobi ilipita katikati ya milingoti, utepe ukagusa paji la uso la Stanislaus, ukakatika. Watu walipiga makofi. Mtu alibeba mfuko mmoja, akauongeza juu ya mingine.

"Huyo ndiye mzalendo," mgeni rasmi alisema kwenye kipaza sauti. Alikuwa mtu mnene mwenye macho ya huruma, na alishuka mwenyewe kutoka jukwaani. "Na huyu ndiye mkewe? Pole, mama. Gari langu litampeleka zahanati sasa hivi. Azimio itapata maji kwa ajili ya watu kama mumeo. Mpeni mama maji."

Khatibu alileta glasi. Ilikuwa safi, na hakuna aliyekuwa ameigusa kwa mdomo. Immakulata aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, hakunywa.

"Una neno, mama?" mgeni rasmi aliuliza, akamsogezea kipaza sauti.

Immakulata alimtazama Stanislaus. Maji yale ya Murubuye yalikuwa yamekwisha kauka shavuni, yakaacha mstari tu. Akafungua mdomo, akasema kwa Kiha, kwa sauti ambayo wanawake wa nyuma peke yao waliisikia. Wakaacha kupiga vigelegele.

"Anasema nini?" mgeni rasmi aliuliza.

"Anashukuru," alisema Bazilio.

Kifuani pa Stanislaus kitu kilipanda, au ilikuwa ngobi inayumba mikononi mwa wachukuzi. Immakulata aliiweka glasi juu ya mifuko ya saruji. Akakishika kipaza sauti kama alivyomwona mgeni akikishika, akasema tena, safari hii kwa Kiswahili, neno moja moja.

"Sikushukuru. Maji tulikuwa nayo. Nyinyi ndio mliotutoa kwenye maji."