Midomo ya Bibi Taa

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu mepesi, na upepo uliyasukuma upande upande hata mwavuli haukunifaa kitu. Mwalimu wetu wa darasa la jioni anataka kila ukurasa uanze kwa tarehe na hali ya hewa, basi nimeanza hivyo.

Nilifika studio saa moja kasoro robo. Wananiita Mama Funguo, kwa kuwa funguo zote za jengo zinaning'inia kiunoni mwangu na mtu akinihitaji hanitafuti, ananisikiliza tu nikija. Nafungua, nafagia, nachemsha chai, jioni nafunga. Lakini tangu Novemba nilikuwa na kazi nyingine juu ya hizo: nilikuwa sauti ya Bibi Taa.

Studio yetu inatengeneza katuni. Mwaka huu tulipewa kipindi maalumu cha saa moja, cha kurushwa Ijumaa saa mbili usiku, watu wakiwa sebuleni. Ni hadithi ya mji wa miaka mingi ijayo, mji ambao ungekuwepo kama wakubwa wa zamani wangeamua mambo vibaya zaidi ya walivyoamua. Humo kila mtu anavaa bangili inayohesabu maneno yake. Kwa siku unaruhusiwa mia moja. Ukizidisha, taa za nyumba yako zinazimwa mpaka kesho yake. Na kwa vile watu ni watu, mji mzima uko gizani, isipokuwa dirisha moja la bibi mmoja ambaye hasemi zaidi ya maneno kumi kwa siku. Huyo ndiye Bibi Taa. Majirani wanajiuliza maneno yake anamwekea nani.

Nilipata kazi hiyo kwa sababu ya vikombe. Siku moja niliwafokea wachoraji kwa kuacha vikombe vya chai juu ya michoro, na Mwongozaji, ambaye ndiye mkuu wa kipindi, akatoka ofisini kwake mbio akasema, "Sauti hiyo. Nani huyo mwenye sauti hiyo?" Nilidhani nimefukuzwa.

Basi Jumanne hiyo nilimkuta Mzee Midomo mlangoni, amelowa, kofia mkononi. Yeye huwa haji kabla ya saa tatu. Anaitwa hivyo kwa kuwa ndiye anayechora midomo ya katuni zote zinazosema, ingawa mwenyewe kusema anasema kwa shida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo usinichemshie chai."

"Kuna nini?"

"Eti nimechora matusi."

"Wewe? Wewe hata salamu unazitoa kwa mafungu."

Hakucheka. Aliniambia tukiwa tunapanda ngazi. Watu wa kituo cha televisheni walikuwa wamekikagua kipindi, wakaona mahali kumi na nne ambapo midomo ya Bibi Taa inacheza kabla hajasema, na sauti haitoki. Walirudia na kurudia. Mmoja akasema bibi anaitukana serikali, mwingine akasema ni tangazo la sabuni limefichwa. Saa nne mkaguzi wao angekuja. Ikionekana Mzee amepenyeza maneno yake kwenye kazi ya watu, hatashika tena penseli katika studio yoyote wanayofanya nayo kazi, na wanafanya kazi na zote.

"Miaka ishirini na tisa nachora midomo," alisema. "Sijauchora hata mmoja ambao sikuusikia."

"Basi irudie ile sauti uwasikilizishe."

"Ile mbichi imefutwa. Safari hii muda ulikuwa mfupi, nikapewa sauti haijasafishwa, nikachora. Binti Sauti akaja akaisafisha baadaye, na kompyuta ilipojaa akaifuta mbichi. Kwenye iliyo safi, hapo pana kimya. Sasa nani ataniamini?"

Nilimwomba anionyeshe. Aliwasha skrini. Bibi Taa ameketi dirishani, mwanga wa rangi ya chungwa umemwangukia shavu moja, nje ni giza tupu. Anainua mkono, anaitazama bangili. Midomo inacheza polepole, inatulia. Ndipo sauti yangu inatoka: "Leo nimebakiwa na tisini na sita."

Nilipigwa na butwaa. Kwa miezi minne nilimfahamu bibi huyu kuliko shangazi zangu, na kumbe alikuwa na jambo la kwake ambalo mimi sikulijua.

"Anasema nini hapo, mzee?"

"Sijui."

"Umechora mwenyewe, hujui?"

"Mimi sisikilizi maneno. Nikisikiliza maneno nitachora ninachofikiri. Nasikiliza sauti, moja moja, mbele na nyuma, naandika namba ya mdomo. Hata mwisho wa hadithi yenyewe siujui. Yule bibi anakufa?"

"Hafi."

"Afadhali."

Ukutani juu ya meza yake pana chati ya midomo tisa. Wa kwanza umefungwa, ni wa m na b na p. Wa pili umeachama, ni wa a. Wa tatu umetanuka kama unaotabasamu, ni wa e na i. Wa nne duara, wa o. Wa tano mdogo kama tundu la kifungo, wa u. Wa sita meno juu ya mdomo, wa f na v. Wa saba ulimi umeinuka, wa l. Wa nane meno yamekaribiana, nao unabeba herufi zote zilizobaki. Wa tisa ni mdomo uliopumzika. Siku zote niliipangusa vumbi chati ile bila kufikiri kwamba ni alfabeti.

"Nipe laha yake," nilisema.

Alinipa karatasi ndefu yenye namba za penseli kutoka juu mpaka chini. Niliishika, nikavuta pumzi, nikaweka kidole kwenye namba ya kwanza. Mbili za mwanzo zilikuwa tatu, tatu. Kisha moja, tano, nane, tano. Mtu aliyezijua herufi tangu utotoni labda kazi hiyo ingemchosha, lakini mimi nina mwaka mmoja na nusu tu tangu nianze ba, be, bi, bo, bu, na bado nikiona herufi zinakaribiana nashikwa na hamu ya kujua zitazaa nini. E, e. Halafu m, au b, au p. Halafu u.

Nilichukua laha ya mahali pa pili. Tatu, tatu, moja, tano, nane, tano. Ya tatu, vilevile, na hivyo hivyo mpaka ya kumi na nne.

"Mzee, zote kumi na nne ni moja. Nani anayetukana kwa maneno yaleyale mara kumi na nne?"

Alikuwa hanitazami machoni, alikuwa ananitazama mdomo.

"Weka chini hiyo karatasi," alisema. "Haya, ichukue tena."

Niliichukua.

"Umefanya tena."

"Nimefanya nini?"

"Kabla hujasoma. Midomo imecheza."

"Haijacheza, mzee. Nimekaa kimya."

Kila mchora midomo ana kioo kidogo mezani, cha kujitazama anapotafuta umbo la herufi. Alikivuta akanigeuzia, akaniwekea laha mkononi mara ya tatu. Nilijitazama. Nikainua karatasi, na mwanamke wa kwenye kioo akachezesha midomo: imetanuka, imefungwa, tundu la kifungo. Na pumzi ilitoka nayo, ndogo, ya kunong'ona, ambayo masikio yangu yalikwisha kuizoea yasiisikie.

Ee Mungu, nishike, nisiruke neno.

Nilidhani naiomba moyoni. Mwalimu wa jioni amenigombeza mara nyingi, "Mama, funga mdomo, soma kwa macho," nami nikadhani anazungumzia kusoma, kumbe alikuwa akiiona sala.

Mzee Midomo alikaa kitini taratibu. "Basi nilisikia sawa," alisema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Halafu akasema, "Utawaambia?"

Hapo ndipo penye ugumu, na sina budi kuuandika. Mwongozaji aliponipa kazi aliniuliza kama najua kusoma, kwa sababu maandishi hubadilika dakika ya mwisho na sauti lazima asome papo hapo. Nilijibu ndiyo. Ukweli ni kwamba binti yangu, ambaye ni fundi cherehani, alinisomea mistari yote huku akipiga pasi, nami nikaikariri. Chumbani mwa kurekodia nilishika karatasi kama msomaji, na kila mstari niliungoja kwa hofu kwamba leo ndiyo wataubadilisha. Bahati yangu hawakubadilisha. Ndiyo maana ya kuomba nisiruke neno. Nikieleza sala, nitaulizwa sababu ya sala. Na kipindi cha pili cha Bibi Taa kilikuwa kinasubiri mwezi wa sita.

Nilienda kwenye stoo ya mafagio, nikafunga mlango, nikapiga magoti kati ya ndoo. Sikuomba kazi ibaki. Niliomba tu nisitafute maneno ya kupinda.

Saa nne kamili mkaguzi alifika, mama mwenye miwani na faili, viatu vimelowa. Tuliketi watano: yeye, Mwongozaji, Binti Sauti, Mzee na mimi, niliyekuwa nimeingia na chai nikakataa kutoka.

"Kituo hakirushi neno lisilojulikana," mkaguzi alianza.

"Hata wale wa bangili ndivyo wanavyosema," Mwongozaji alinong'ona.

"Nimekusikia."

"Samahani, mama."

"Mzee, kwa heshima, tueleze umeandika nini pale."

Mzee alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Angeweza kusema, ni haki yake. Aliniachia mimi.

"Ni mimi, mama," nilisema. "Hajaandika kitu. Amechora nilichosema."

Niliwaeleza. Mkaguzi hakuamini, akataka kuona. Basi Mzee akashika laha, akasoma namba kwa sauti, na mimi nikasimama mbele ya kioo nikitamka. Tatu, tatu: ee. Moja, tano, nane, tano: Mungu. Mkaguzi alifuata kwa kalamu, akatazama chati, akatazama mdomo wangu, akatazama skrini. Kwenye "nisiruke" akavua miwani akaipangusa, na tulipofika mwisho alisema, "Rudia," ingawa nadhani alikuwa ameridhika. Alitaka tu kuona tena.

"Mama Funguo," Binti Sauti alisema, "mimi nilikusikia. Nilidhani ni pumzi. Nimekata pumzi kumi na nne."

"Hukukosea, mwanangu. Ilikuwa pumzi pia."

"Na kwa nini uombe kila mstari?" mkaguzi aliuliza. "Mistari yenyewe ni mifupi."

Nikasema. Nilisema kuhusu binti yangu na pasi, na karatasi niliyoishika bila kuisoma, na ile ndiyo niliyomjibu Mwongozaji. Sikumtazama. Nilisikia funguo zangu zikilia kiunoni.

Mwongozaji aliweka kikombe chake chini. Kisha alisema, "Ulinidanganya."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimekuwa nikikusifu kwa wenzangu kwamba unasoma bila hata kutazama karatasi."

Binti Sauti alicheka, akajiziba mdomo. Mkaguzi alijiinamia kwenye faili lake.

"Sasa tufanyeje?" Mzee aliuliza. "Nianze kuifuta? Kumi na nne kwa siku tatu, sitalala, lakini nitazimaliza."

"Ngoja," Mwongozaji alisema. Alirudisha ile sehemu ya dirishani, tukaitazama wote: mwanga shavuni, bangili, midomo inayocheza bila kutumia neno. Alitazama bangili hasa. Namba haikushuka. "Miezi minne najiuliza," alisema, "kwa nini bibi huyu hachoki kunyamaza. Sikuwa na jibu, nikadhani watazamaji hawataliuliza." Akamgeukia mkaguzi. "Hanyamazi. Anasema na asiyehesabu."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma alichoandika: kwamba midomo ya mahali kumi na nne inatamka sala fupi, kwamba maneno yake yanajulikana, kwamba mchoraji hana kosa, ibaki kama ilivyo. Alimsogezea Mzee kalamu. Mzee aliweka sahihi yake polepole, kisha akanisogezea mimi, nami nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, na hakuna aliyeniharakisha.

"Kuhusu mwezi wa sita," Mwongozaji alisema, akisimama. "Safari hii maandishi yatabadilika, mama. Nitayabadilisha makusudi. Nitafute sauti nyingine?"

Wote walinitazama. Nilitaka kujibu moyoni kwanza, kama nilivyozoea, halafu nikaona hapo si mahali pa kunong'ona. Nilisimama nikashika funguo zisilie.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi wanne," nilisema, "naahidi hivi. Mwezi wa sita nitaingia chumbani mle na karatasi ambayo hakuna mtu aliyenisomea, na nitaisoma kwa macho yangu mwenyewe mpaka mwisho. Na kabla ya kila mstari nitaomba kwa sauti ya kusikika, Binti Sauti asidhani ni pumzi, na Mzee achore akijua anachora nini."