Mbwa Asiyeogopa Jiwe

Asubuhi hiyo nilikuwa napiga pasi yunifomu ya Aoko. Makaa yalitaka kuzima, kwa hivyo nilikuwa naipeperusha pasi mlangoni, majivu yanaruka, na yeye amekaa kitandani na kamisi akichezesha miguu, anacheka kila kitu. Shangazi alikuwa amemleta binti yake huyo kutoka ocha, kule kijijini, asome na mimi hapa Makongeni, kwa vile tumelingana umri. Ilikuwa siku yake ya kwanza.

Baba akaingia kutoka shifti, ovaroli inanuka grisi ya reli. Hata hakukaa.

"Aoko, mkipita kwa magodauni, mbwa atoke, utafanya nini?"

"Nainama, mjomba, kama naokota jiwe. Atatoroka mpaka kwao!"

"Huyo ni mbwa wa ocha. Hawa wamefunzwa kulinda mali, ukiinama wanaona unataka vita. Simama wima, mikono chini, usimwangalie machoni, nyamaza. Kuwa nguzo ya stima. Akishakunusa ataenda zake."

"Hiyo mwachie Benta," Aoko akasema. "Huyu ni nguzo tangu azaliwe."

Baba akacheka, na mimi nikacheka, uso nimeinamishia pasi. Ni kweli. Mwalimu akiniuliza swali naangalia viatu. Mgeni akibisha naganda. Kumbe kuna mahali kuona haya kwangu ni akili.

Tulipofika kwa magodauni, geti moja lilikuwa wazi. Mbwa mweusi akatoka, kipande cha mnyororo bado kiko shingoni.

Nikawa nguzo. Nikaangalia soksi zangu. Nilisikia mnyororo unakwaruza lami, unakaribia, halafu pale chini nilipokuwa naangalia vikaingia viatu vya Aoko, vipya. Alikuwa amekuja kusimama mbele yangu.

"Usiogope, Benta," akasema.

Nikaona mkono wake unashuka, vidole vimefunguka, kuokota jiwe ambalo halikuwako. Na mkono uliposhuka, uso nao ukashuka, ukafika kimo cha mbwa.

Askari wa geti alikuja mbio na rungu. Alichelewa.

Shangazi alirudi akamchukua hospitalini, akaenda naye moja kwa moja stendi ya basi, hakutaka watu wa estate wamwone. Tuliwasindikiza. Aoko alikuwa amejifunika leso shavuni. Hakuniangalia. Mimi, kama kawaida, niliangalia chini.

Siku hizi nafunza watoto wa laini yetu ya nyumba mchezo wa nguzo. Mmoja anakuwa mbwa, ananusa, wengine wanaganda. Juzi ndugu yangu mdogo, Otiende, akauliza katikati ya mchezo, "Na kama mwenzako ameinama?"

Nikamwambia acheze tu.

Siku ile Aoko alidhani nimeganda kwa woga. Mimi nilikuwa nafanya vile Baba alisema.

Nilinunua kadi ya salamu nikaituma redioni, maana kwao wote husikiliza. Mtangazaji aliisoma vizuri: Benta wa Makongeni anamsalimu Aoko, na ujumbe anasema, sikuwa naogopa, yunifomu yako nimeifua, rudi. Mama akaongeza sauti.

Kila jioni kipindi cha salamu kikianza nasogeza kigoda karibu na redio, labda Aoko amejibu. Watu wanasalimiana, wa Kariobangi, wa Kisumu, wa Nakuru, wengine wanaitwa mara mbili. Halafu wanasoma habari.