Mafuta ya Bibi Arusi

Boti ya Wadachi ilipita Mpwapwa vichwani mwa wapagazi, imefunguliwa vipandevipande, ikipelekwa ziwani. Matonya alibeba kamba nene zilizoloweshwa mafuta. Mnyapara alimweleza kwamba zingezungushwa kwenye chuma cha rafadha, lile panga la kuisukuma boti, pale chuma kinapotokeza nje, ili maji yasiingie botini.

Matonya alicheka. Maji gani hayo ya kuogopwa, naye tangu azaliwe anayafukua mchangani? Pale pale Mpwapwa, kwao, dada yake Loisi alikuwa anaolewa, ukame umekausha maziwa ya ng'ombe, samli hakuna, na bibi arusi wa Kigogo hatoki bila kupakwa mafuta. Basi yeye na dada yake wakazikamua kamba zile, wakazirudisha mzigoni. Loisi aling'aa.

Ziwani Matonya akapewa kazi ya kuchochea moto wa mashine, chini kabisa ndani ya boti. Msafiri, mpagazi mwenzake, ndiye aliyerudi na habari.

"Dada, maji yaliingilia pale kwenye chuma. Kamba zilikuwa kavu. Kaka yako hakuwahi kutoka."

Mvua iliposuasua tena, wanawake walimpitia Loisi waende wakaiombe. Aliwafokea kutoka mlangoni.

"Nendeni ninyi! Mimi maji yangu yalishakuja."