Darasa la Kichuguuni

Alhamisi saa kumi alasiri Advera alimkalisha mama yake mkekani chini ya kichuguu, akampangusa uji kidevuni, akapokea kofi lake la shavu kama kawaida, kisha akakipanda kichuguu hicho, kilichokuwa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, kwenda kuifunga simu kwenye panda ya mti. Kitongoji kizima mtandao ulishika hapo tu. Kofi halikumuuma sana. Kilichouma ni mwiko, na mwiko alikuwa ameuficha tangu asubuhi.

Mama yake, Bibi Katarina, alikuwa amemsahau tangu mwaka juzi. Alimwita mwizi. Alimuuliza mwenye nyumba amekwenda wapi, na alipojibiwa kwamba mwenye nyumba ni yeye mwenyewe Katarina, alimng'ata. Advera alikuwa na alama za meno kwenye mikono yote miwili, na mdogo wake wa kiume aliyeko Dar es Salaam alimtumia ujumbe wa kumtia moyo.

Kwa hiyo alijiunga na darasa. Muuguzi Julieth alifundisha kwa simu ya video kutoka nyumbani kwake Ipuli, Tabora mjini, na wanafunzi wake walikuwa ndugu wanaowatunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, waliotawanyika Urambo, Ulyankulu na kwingineko. Alikuwa na sauti ya upole na subira ya ajabu. Advera alimpenda kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimuuliza amelalaje.

Mwezi wa pili wa masomo bibi kadhaa wakaanza kuja. Walikuja kwa njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji na sasa imemezwa na nyasi, maana kwao ilikuwa ya mkato. Bibi Mwamvita alitangulia. Aliuawa kwa panga, na pigo la shingo lilikuwa limezama mno, hivyo kila alipotaka kuitikia kwa kichwa ilibidi akishike kwa mikono miwili. Bibi Nyamizi alichomwa moto ndani ya nyumba yake, na alipoinuka mkekani aliacha majivu ambayo Advera aliyakung'uta baada ya somo. Nyuma yao walikuwepo wengine, wote wa vitongoji vya jirani, wote waliuawa kwa kudaiwa ni wachawi. Advera aliwaamkia, wakaitikia marahaba, akawapa karanga. Muuguzi Julieth aliwaona kwenye kioo cha simu, akawakaribisha, akawaomba wasiongee wote kwa pamoja kwa kuwa sauti ilikuwa inakatika.

Alhamisi hiyo somo lilikuwa dalili za ugonjwa.

"Mgonjwa anaweza kutoka nje alfajiri bila nguo," alisema muuguzi. "Anaweza kuongea na watu wasiokuwepo. Anaweza kuingia nyumba ya mtu akidhani ni kwao."

Bibi Nyamizi aliinua mkono. "Na kukaa mlangoni kwa watu, ukagoma kuondoka?"

"Na hilo pia, bibi."

"Kumbe nilikuwa naumwa."

Bibi Mwamvita alishika kichwa chake akakiinamisha polepole, akakirudisha. "Na mimi," alisema.

"Mimi sikuumwa chochote," alisema bibi mwingine kwa nyuma. "Nilikuwa na macho mekundu tu, ya moshi wa bani."

Hakuna aliyelia kati yao. Aliyelia ni Advera, kwa hasira, akijifanya anarekebisha simu.

Alikuwa na sababu. Dalili zote zile mama yake alikuwa nazo, na zote alizipeleka kwa Vedasto. Vedasto alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kitongoji. Bibi Katarina aliing'ang'ania nyumba ya kamanda huyo: kila alfajiri Advera aliposinzia kidogo, mama alichomoka, akaenda kukaa uchi mlangoni pa kamanda, akimwita mwanawe mwenyewe aliyekufa utotoni. Kisha ng'ombe wa jembe wa Vedasto akafa. Kisha mimba ya mke wake ikatoka. Majirani wakaanza kumsalimia Advera kwa mbali, huku wakitembea.

Advera hakuwa mtu wa kungoja yamfike. Alimfuata Vedasto shambani.

"Kaka, njoo Alhamisi usikie mwenyewe. Huu ni ugonjwa. Una jina."

Vedasto alikuja, tena amevaa shati lake la kanisani. Aliwakuta bibi wamejaa mkekani.

"Shikamooni."

"Marahaba."

Aliwafahamu vizuri. Panga lililomkata Bibi Mwamvita lilikuwa lake, na Bibi Mwamvita alimsogezea nafasi akae. Kuhusu kuwepo kwao hakuwa na la kuuliza. Alichotaka kuelezwa ni kifo cha ng'ombe wake. Alisikiliza somo lote bila kukohoa, na mwishoni akaomba kuuliza.

"Mwalimu, dawa ya ugonjwa huu ni nini?"

"Kwa sasa hauna dawa ya kuuponya, kaka. Tunamtunza mgonjwa, basi."

"Hospitali zote?"

"Zote. Hata Ulaya."

"Nimeelewa," alisema Vedasto, na kweli alielewa. Alishukuru, akapangusa majivu kwenye suruali, akaaga.

Kama Advera angeweza kulisukuma neno lile likarudi kooni kwa muuguzi angefanya hivyo, hata kwa ngumi. Pale kijijini kila mtu alijua kwamba ugonjwa wa hospitali una dawa hospitali. Usio na dawa si ugonjwa, ni kazi ya mtu, na mtu mwenyewe, machoni pao, ni mama yake, aliyekuwa amekaa pale akitafuna karanga. Muuguzi alikuwa amesema kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyotoa hukumu.

Sungusungu walikuja Jumamosi, jua limeshapanda, wengine wakiwa na miswaki midomoni. Vedasto alikuwa mbele.

"Dada, pisha."

Advera alikuwa na jembe. Alimpiga nalo wa kwanza kwenye goti, akalisikia goti likivunjika, na akafurahi. Kisha rungu likamvunja mkono, na jingine likamwangusha chini, na mtu akamkalia mgongoni huku akimwambia atulie. Kutoka pale chini alimwona mama yake akisimama. Bibi Katarina alidhani ni wageni.

"Karibuni, wanangu," alisema. "We mwizi, lete viti."

Akanyoosha mkono kuwasalimia, na panga la kwanza likaupata mkono huo. Hawakuharakisha. Kila mmoja alitakiwa aguse ili asiwepo wa kumsema mwenzake, kwa hiyo waligusa wote, hata yule wa goti, aliyebebwa mpaka pale. Walipomaliza walinawa kwenye pipa la maji la Advera, wakafunika pipa. Polisi walikuja, wakauliza, wakaambiwa kila mtu alikuwa shambani, wakaondoka.

Alhamisi iliyofuata Advera alipanda kichuguu, mkono ukiwa kwenye bendeji, kwa sababu hakujua kwingine pa kuwa saa kumi. Muuguzi Julieth alimpa pole. Bibi wakafika kwa njia yao. Wa mwisho alikuwa mama yake, amefunga mkono uliokatwa ndani ya khanga.

"Advera," alisema Bibi Katarina. "Mbona umekonda hivyo?"

Advera alikaa chini palepale. Alikuwa amelingoja jina hilo miaka, na alipolisikia furaha ikamjaa mwili mzima, akaichukia furaha hiyo hata alipokuwa akiililia. Mama yake alimshika kichwa kwa mkono uliobaki. Alikumbuka kila kitu: makofi, meno, mwiko. Alikumbuka pia nani alianza kukata na nani alifuata.

Vedasto alifika katikati ya somo, safari hii bila shati la kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Angalia, unakanyaga majivu ya mwenzangu."

Hakukaa. Alimvuta Advera pembeni, karibu na njia.

"Leo alfajiri nimemkuta mama yangu amelala kwenye bani lako," alisema. "Uchi. Ameniita kwa jina la marehemu baba."

"Muulize mwalimu."

"Simtaki mwalimu. Nani mwingine amemwona?"

Advera mwenyewe hakuwa na habari. Hakuna aliyemwona yule mama. Lakini vijana wa sungusungu walikuwa wanapita njiani saa hiyo, wakirudi kutoka mashambani, na Advera alingoja mpaka walipokaribia.

"Mama yako?" alisema, kwa sauti ya kuwafikia. "Kitongoji kizima kimemwona."

Vijana walipunguza mwendo. Mkekani Bibi Katarina aligeuka akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akimjua. Kisha yeye na wenzake wakaanza kusogea ili kumwachia nafasi mwingine atakayekuja, kwani mkeka ulikuwa umejaa.