Vishimo vya Al Mintirib

Kwa miaka mitatu Tufool, mwalimu wa chuo huko Nizwa, alikuwa akienda ukingoni mwa jangwa la mchanga la Al Mintirib kuwalinda buibui weupe wanaochimba vishimo chini ya vichaka. Hakupata kuwaona mahali pengine popote. Siri ya mahali hapo alimpa mtu mmoja tu, mjomba wake Marhun, mwenye kambi ya watalii jirani na hapo, ili awakataze madereva wasipite juu ya vishimo. Mjomba akaapa kutomwambia mtu mwingine.

Asubuhi moja ya Ijumaa Tufool alikuta mchanga umefukuliwa kwa sepetu, kichaka baada ya kichaka. Akaenda moja kwa moja kambini.

"Shikamoo, mjomba. Nani aliyekuja pale?"

"Marahaba. Wageni wangu wawili, wanakusanya wadudu. Walinisihi mno, nikawapeleka mwenyewe." Akammiminia kahawa. "Buibui tu, mwanangu. Wallahi sikujua kama watabeba wote."

Tufool hakuigusa kahawa. Huyu ndiye aliyemlea alipofiwa na baba yake, ndiye aliyemfundisha kuendesha gari mchangani. Angekuwa mtu baki angemfokea.

"Hakusalimika hata mmoja?" Marhun aliuliza, macho chini.

Kule kwenye vichaka, nyuma ya mti wa ghafu, Tufool alikuwa ameona kishimo kimoja kizima, na mwenyewe yumo ndani.

"Hata mmoja," alijibu, akainuka. Hakuwahi kumwambia mjomba wake uongo kabla ya siku ile.