Zamu ya Mikayi

Usinitajie haki. Haki ilitufikia huku bonde la chini la mto Kuja mwaka huu wa tisini na sita, imevaa kaunda suti, ikijiita Bwana Nyabuto wa maji.

"Zamani mlifungua mfereji ovyo," akasema barazani. "Wa juu wanashiba, wa chini wanalamba matope. Sasa zamu inaanzia chini. Asiyetumia zamu yake, imepotea. Anayepanda nje ya zamu, hapati maji msimu mzima."

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Shamba la chini kabisa ni langu, kwa kuwa niliolewa mwisho. La juu ni la Mikayi, mke mkubwa wa marehemu mume wetu.

Maji yakaja. Miche yangu ya mpunga ilishaanza manjano kitaluni, nami nimeketi tu kwenye tuta. Nyabuto akanikuta.

"Mama, mbona hupandi?"

"Mikayi hajapanda."

"Huyo Mikayi ana cheo gani serikalini?"

Wacha we! Kwetu Wajaluo mke mdogo hamtangulii mkubwa kupanda shamba. Akimtangulia, chira, laana ya kuvunja mwiko, inaingia nyumbani, na wanaokufa ni watoto. Nitawalisha nini wangu nisipopanda? Na nikipanda, nitamlisha nani? Nililia palepale mbele yake, bila aibu.

Jioni Mikayi akashuka na jembe begani.

"Nyar Rodi, acha kelele," akasema. Ananiita hivyo kwa kuwa nimezaliwa Rodi Kopany. Akarudi shambani kwake, akachimba ule udongo mkavu, akachomeka konzi moja ya miche. "Haya, mimi nimepanda. Kimbia!"

Nilikimbia. Nilipanda shamba zima huku nikiimba.

Nyabuto alipopita kukagua, akaiona ile miche imekauka kwa Mikayi. Amepanda nje ya zamu! Nilimweleza mpaka koo likaniuma.

"Sheria haina ubaguzi, mama," Nyabuto akaniambia kwa upole. "Nayo inakulinda wewe mnyonge." Akatia kufuli lango la maji la Mikayi.

Mpunga wangu ulistawi hata nikapigwa picha. Wakulima waliletwa kutoka Homa Bay kunitazama, wakaambiwa huyu ndiye aliyeinuliwa na sheria mpya.

Shamba la Mikayi liliota magugu, kwa hiyo siku hizi anakula kwangu. Nikipakua wali, watoto wanatulia. Hakuna anayegusa sahani kabla yake, yeye ndiye mkubwa. Naye kila siku huniomba nimpunguzie wali sahanini mwake.