Bara Ni Kidole

Nyamizi anasinzia alasiri jikoni, mgongo kwenye gunia la mkaa, jambo ambalo mavyaa wake hapa Tanga huliita uvivu wa kibara. Asubuhi kaka yake amepiga simu: mama hali yake mbaya, anakuulizia, wahi. Mumewe, Mwinjuma, amesema bara ni mbali, asubiri mwisho wa mwezi. Hasira imemchosha, usingizi umemchukua, na usingizini mlango wa jiko unafungukia barabara nyekundu isiyo na mwisho. Kando yake amesimama mtu asiye na uso, laini kama kitako cha sufuria mpya. Unakwenda wapi? Nyamizi anafungua kinywa ataje kijiji chao, na kinachotoka ni neno moja tu, bara. Miaka yote ya ndoa ni hilo analolisikia, wali wake wa kibara, lafudhi yake ya kibara, mpaka jina la kwao limemtoka ulimini. Wanakwenda. Korogwe wanamcheka: hapa ni mjini, bara ni Kilosa. Kilosa, ambako nyumba ni zile zile za Korogwe zilizogeuzwa kushoto kulia, wanakasirika: mama, usitutukane, bara ni Manyoni. Manyoni wananyoosha mkono mbele, na mbele ni Korogwe tena. Nyamizi analia kwa uchungu. Bara ni wapi, wewe, mama yangu anakufa. Asiye na uso anasema, bara si mahali, ni kidole. Anayenyoosha haendi huko, na anayenyooshewa hatoki huko. Nitajie jina, nikufikishe.

Jina haliji, ila inakuja harufu ya michembe, viazi vikavu vinavyochemka, na Nyamizi anaifuata kama mbuzi anayerudi zizini, mpaka mlangoni kwa mama yake. Mama amekonda, anamtazama kwa adabu. Mgeni, watoka wapi? Nyamizi anataka kusema, mayu, mama yangu, ni mimi. Kinywa kinasema, bara. Hapa hatuna mtu wa huko, anajibu mama taratibu, na anafunga mlango.

Nyamizi anashtuka usingizini. Mwinjuma yuko mlangoni pa jiko, simu sikioni, anawaarifu jamaa: mkwe wangu amefariki, ndiyo, huko bara.

Ilombagulu, anasema Nyamizi. Jina limekuja lote, na limechelewa. Ilombagulu, ndiko alikofia mama yangu, waambie.

Mwinjuma anafunika simu kwa kiganja. Si ndiko bara huko huko?

Jua liko nyuma yake. Nyamizi anamkodolea macho mumewe, anautafuta uso wake, haupati, na jikoni pananukia michembe ambayo hakuna aliyeipika.